Kukusanya nusu dola za fedha za Marekani ukiwa Dodoma

Kwenye meza yangu ya kutengenezea saa, hatua chache kutoka soko la Majengo, pana kitu ambacho wateja hukiulizia kuliko saa zenyewe. Ni kasha bapa la plastiki linaloenea kiganjani, na ndani yake sarafu nyeupe yenye kichwa cha mzee mwenye kipara mbele na nywele ndefu nyuma. "Fundi, huyu nani?" Namjibu ni Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, wala hajawahi kuwa rais. Swali la pili halibadiliki: "Sasa umemfungia wa nini?"

Nitalijibu, lakini nianze na kosa langu.

Marehemu baba alikuwa mshika mnyororo wa wapima barabara. Mwaka 1961 vijana wa kwanza wa Peace Corps, shirika la wafanyakazi wa kujitolea wa Marekani, walipofika Tanganyika, walikuwamo wapima barabara, wahandisi na wanajiolojia, na baba alifanya kazi na mmoja wao. Kijana alipomaliza muda wake akamwachia baba nusu dola ya mwaka huo huo, 1961, ya huyo huyo Franklin, yenye herufi D ndogo juu ya kengele iliyoko upande wa nyuma. Ikakaa kwenye kopo la maziwa zaidi ya miaka thelathini, ikapata rangi ya moshi na kijani hafifu pembeni. Nilipotoka kujifunza ufundi, katika kujionyesha, niliisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba, kisha kwa kitambaa cha saa, mpaka ikawaka kama sufuria ya harusini. Baba alifurahi, mimi nikafurahi zaidi. Ilinichukua miaka mingine ishirini kujua kwamba siku ile niliichuna ngozi.

Basi sharti la kwanza, hata kabla ya kuzungumzia hela: usisafishe. Sarafu inapogongwa kiwandani, chuma husukumwa kwa nguvu kutoka katikati kwenda ukingoni, na msukumo huo huacha vijistari vidogo mno usivyoweza kuviona kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyoukimbiza mwanga. Ishike sarafu nzima chini ya taa moja, izungushe polepole, utaona vipande viwili vya mwanga vikizunguka kama mishale ya saa. Ukishaisugua umevifuta. Itang'aa, ndiyo, pengine kuliko mwanzo, lakini mwanga umekwama pale pale, na kwa lenzi utaona mikwaruzo myembamba kama nywele ikielekea upande mmoja, upande ule ule mkono ulikokuwa unakwenda. Hakuna dawa ya kurudisha. Sisi tuliolelewa na mama wanaosugua vyungu kwa majivu, somo hili linatuwia gumu.

Sasa chagua aina moja tu. Wapo wanaopenda senti kumi za Roosevelt, zilizoanza 1946, lakini ni milimita 17.9 tu na macho yangu hayana tena huruma hiyo. Wapo wa robo dola za Washington, zilizoanza 1932. Hizo ni nzuri, ila za mwaka huo wa kwanza kutoka viwanda vya sarafu vya Denver na San Francisco ni chache (408,000 tu za San Francisco), na matapeli wanazijua kuliko wewe. Mimi nakushauri nusu dola ya Franklin. Iligongwa kuanzia 1948 hadi 1963, ina uzito wa gramu 12.5 na upana wa milimita 30.6, asilimia 90 madini ya fedha na 10 shaba. Maana yake kila moja ina gramu 11.25 za fedha tupu. Hata bei ya ukusanyaji ikianguka, madini yako yako pale.

Na seti yake inakamilika. Hili ni kubwa kwa mtu wa kipato cha kawaida. Philadelphia waligonga kila mwaka, miaka 16, bila kuweka herufi yoyote. Denver waligonga miaka 14, herufi D. San Francisco miaka mitano tu, 1949 na 1951 hadi 1954, herufi S. Jumla 35. Hakuna ya dhahabu wala ile moja ya kuuzia nyumba, kama zilivyo seti nyingine. Unaweza kununua moja kila baada ya miezi miwili na bado ukaona mwisho wake.

Kuna jambo moja hunichekesha. Mwaka 1948 Wamarekani wanaanza kugonga nusu dola hii ya asilimia 90 ya fedha, mwaka huo huo shilingi ya simba ya Afrika Mashariki, ile iliyokuwa mifukoni mwa vibarua wa mashamba ya karanga kule Kongwa, inaacha kuwa na fedha kabisa. Kabla ya hapo ilikuwa na robo ya fedha, hadi zile za 1946. Wenyewe Wamarekani waliendelea mpaka 1964. Sheria ya 1965 ikaiondoa fedha kwenye senti kumi na robo dola, na nusu dola, ambayo tayari ilikuwa na sura ya Kennedy, ikashushwa hadi asilimia 40, ikaendelea hivyo mpaka 1970.

Kwa sababu hiyo usimkubalie kila anayekuletea "dola ya fedha". Mwezi wa nane alikuja kijana wa bodaboda, mchangamfu, "Mbukwa, fundi!", akatoa robo dola ya 1998 aliyopewa na mtalii. Alikuwa ameshaahidiwa laki moja na mtu. Nikaisimamisha kwa ukingo wake juu ya karatasi nyeupe, nikampa lenzi aangalie mwenyewe. Ubavuni palikuwa na mstari mwekundu wa shaba, kama nyama kati ya vipande viwili vya mkate. Sarafu ya fedha ubavu wake ni mweupe mtupu. Kijana alinyamaza kidogo, akauliza kama naweza kumtengenezea saa bure basi, kumpoza. Nilimbadilishia betri.

Sasa kasha. Marekani zipo kampuni zinazotazama sarafu kwa ada, zinaipa daraja, kisha zinaifungia ndani ya plastiki ngumu pamoja na lebo na namba. Wenyewe huliita slabu. Kampuni mbili zinazoaminika zaidi ni PCGS na NGC, zote zilianza miaka ya 1980. Daraja hutolewa kwa kipimo cha 1 hadi 70, ambacho mzizi wake ni William Sheldon aliyekibuni mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za zamani za Marekani. Chini ya 60 sarafu imetumika. MS-60 hadi MS-70 haijawahi kuingia mzungukoni. Ukiona PR au PF badala ya MS, hiyo iligongwa kwa namna ya pekee kwa ajili ya wakusanyaji, uso wake kama kioo cha kunyolea. Ni biashara nyingine, iache kwanza. Na ukiona neno "Details" bila namba, jua kuna mtu kama mimi alipita na dawa ya shaba.

Kwa nini mtu wa Dodoma anunue iliyo kashani, wakati iliyo wazi ni nafuu? Kwa sababu hapa hatuna wa kumuuliza. Mtu wa Chicago anaweza kwenda kwenye maonyesho ya sarafu akashika nusu dola mia moja asubuhi moja, jioni jicho lake limeiva. Mimi nilishika ya kwanza nikaiharibu, ya pili nilisubiri miaka ishirini. Kasha ni shahidi wako wa mbali. Tena sarafu za kawaida zilizo kashani mara nyingi huuzwa kwa bei ambayo, ukitoa thamani ya fedha iliyomo, hairudishi hata ada aliyolipa yule wa kwanza kuipima. Hasara yake ni faida yako. Ila shahidi naye ni binadamu. Daraja ni maoni ya watu walioketi chini ya taa siku hiyo. Nimeona MS-64 mbili za kampuni moja, moja inanichekea na nyingine siitaki hata kwa bei ya nusu.

Ndiyo maana ni lazima ujifunze kutazama. Vifaa ni vichache: lenzi ya kukuza mara tano, ile ile ya fundi saa, na ya mara kumi kwa mambo madogo. Taa moja ya mezani, iwe upande, si juu ya kichwa. Zima ile ya dari, maana mwanga ukitoka pande mbili unaficha mikwaruzo.

Anza na shavu na taya la Franklin. Ndipo palipo juu kuliko pote na ndipo panapopigwa. Hizi sarafu zilitoka kiwandani kwenye magunia ya dola elfu moja, yaani sarafu 2,000, kilo 25, sawa na mfuko wa sembe. Hebu fikiria mfuko wa sembe wa vyuma ukitupwa ndani ya gari. Kila sarafu iligongana na mwenzake, ikabaki na makovu ya gunia. Kovu moja kubwa shavuni linaumiza kuliko matano madogo yaliyojificha kwenye nywele. Kisha geuza. Nyuma kuna Kengele ya Uhuru ya Philadelphia, ufa wake umeonyeshwa, na kando yake tai mdogo kama kifaranga, aliyebanwa pale kwa sababu sheria ya sarafu zao ilitaka tai awepo. Tumbo la kengele ni pana na laini, kovu halina pa kujificha.

Sasa shuka chini ya kengele, karibu na mdomo wake. Hapa ndipo hela ilipo. Kuna mafungu mawili ya mistari ya mlalo inayoizunguka kengele, fungu la juu na fungu la chini. Weka lenzi ya mara kumi, fuata mistari ya chini kutoka kushoto, polepole, kama unavyofuata jino la gurudumu la saa. Kwenye sarafu nyingi, ukifika katikati karibu na ufa, mistari inayeyuka. Pamekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Chuma hakikujaa mpaka mwisho, au muhuri wa kugongea ulikuwa umechoka. Ikipita mizima bila kukatika, sarafu hiyo hupewa herufi FBL baada ya daraja lake, yaani mistari ya kengele imekamilika. PCGS wanadai fungu la chini tu likamilike, NGC wanadai yote mawili. Usilinganishe bei za kampuni hizi mbili bila kukumbuka hilo.

Mistari hii ndiyo inayochezea akili za watu. Chukua ya 1953 kutoka San Francisco. Ziligongwa 4,148,000, si haba, na ya kawaida utaipata. Yenye mistari kamili ndiyo adimu kuliko zote katika seti nzima, na bei yake ni ya pikipiki mpya na zaidi. Upande wa pili, ya 1955 ya Philadelphia ndiyo iliyogongwa chache kuliko zote, 2,498,181, lakini watu walisikia mapema wakazificha, kwa hiyo haikosekani. Kwa hiyo idadi iliyogongwa inakuambia kidogo tu. Hali ya zilizobaki ndiyo inayopanga bei. Hiyo ya 1955, kwa taarifa yako, baadhi yake mihuri miwili iligongana bila sarafu katikati, ikamwachia Franklin alama mdomoni kama meno yaliyotokeza. Wakusanyaji wanamwita Bugs Bunny, yule sungura wa katuni. Sisi tuliokua na hadithi za sungura, hiyo moja lazima tuwe nayo.

Upande wa bei, ushauri wangu ni huu: MS-64 bila FBL kwa miaka ya kawaida, yaani zile za Denver za mwisho mwisho, kama 1962 na 1963. Ya 1963 ya Denver peke yake ziligongwa zaidi ya milioni 67. MS-65 kwa zile unazozipenda sana. Ukianza kuangalia MS-66 umeingia bahari nyingine; Franklin wengi hawafiki huko, na hatua hiyo moja inaweza kuzidisha bei mara kadhaa kwa tofauti ambayo mke wangu, mwenye macho mazuri kuliko mimi, haioni.

Kununua. Usinunue kwa picha moja. Omba picha ya mbele, ya nyuma, na ya lebo ikisomeka namba. Ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni iliyopima; itakuonyesha mwaka, daraja, na mara nyingi picha ya sarafu yenyewe. Hapa usiridhike kwamba namba ipo. Mimi niliridhika, nikalizwa.

Ilikuwa ya 1949 ya San Francisco, MS-65. Namba ipo, mwaka ni ule, daraja ni lile. Nikalipa kwa kadi. Mzigo ukafika kwa wakala Dar, ukakaa wiki tano kwa sababu hakuna aliyeniambia umefika. Nilipoufungua mezani na kuweka lenzi, nikaona kovu refu kutoka jichoni hadi puani. Nikafungua picha ya kampuni kwenye simu: mzee wa kwenye picha hana kovu. Kasha lilikuwa la kughushi, limenakiliwa namba ya sarafu halisi ya mtu mwingine. Nikaandika kudai, siku za kudai zilikuwa zimeshapita wakati mzigo umelala Dar. Kwa hiyo mambo mawili. Linganisha makovu, si namba. Kila sarafu ina makovu yake kama alama za vidole. Na hesabu siku: muda wa kurudisha mali wa muuzaji dhidi ya muda wa safari. Kama muuzaji anakupa siku 30 na mzigo unachukua 40, huna dhamana yoyote. Siku hizi namlipa wakala aliyeko kule Marekani apige picha mzigo ukimfikia, nalinganisha kabla haujavuka bahari.

Kuhusu usafiri, uliza kabla ya kulipa. Baadhi ya kampuni za vifurushi hazipokei sarafu kabisa, zinazihesabu kama pesa taslimu. Andika thamani halisi kwenye karatasi, na umuulize wakala wa forodha ushuru utakuwaje kwa maandishi. Ukidanganya thamani ili upunguziwe, mzigo ukipotea utalipwa kwa ule uongo wako. Mimi hukusanya tatu nne ndipo ziletwe pamoja. Kutoka Dar mpwa wangu anazipakata kwenye treni ya umeme, zimefungwa kwenye soksi.

Kutunza. Hapa Dodoma tumebarikiwa. Mwenzangu wa Tanga analia na unyevu, sisi kwa miezi mingi hewa ni kavu kama gome. Unyevu ndio unaoharakisha weusi kwenye fedha, pamoja na salfa: mpira wa mikanda, sufi, makaratasi ya kaki. Kasha haliingizi maji kwa urahisi lakini hewa inapita, kwa hiyo usilihifadhi droo moja na raba za pancha. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, usivitupe, tia viwili kwenye sanduku na uvibadilishe wakati wa mvua za Desemba hadi Aprili. Mifuko laini ya plastiki inayonuka kama pazia jipya la bafuni, iepuke kabisa. Ndiyo inayoacha utelezi wa kijani kama ule wa kopo la baba.

Tatizo letu ni vumbi. Upepo wa Agosti unaleta mchanga ambao ni mgumu kuliko plastiki, na ukifuta kasha kwa shati unalikwaruza. Puliza kwanza kwa kile kipulizio cha mpira cha mafundi saa, ndipo ufute kwa kitambaa chenye maji kidogo. Likishakwaruzika, dawa ile ile ya kung'arishia vioo vya plastiki vya saa inafanya kazi vizuri. Weka tone, zungusha kwa kidole dakika mbili, usisogee kwenye maungio ya kasha. Hii ndiyo ruhusa pekee ya kusugua ninayokupa.

Usiogope rangi. Kati ya 1947 na 1958 kiwanda cha sarafu kiliwauzia wakusanyaji seti zilizopachikwa kwenye karatasi ngumu, na ile karatasi ikazipaka rangi za dhahabu, zambarau na kijani za mafuta. Wapo wanaozikimbia, wapo wanaolipa zaidi. Rangi nzuri hupanda taratibu, kutoka njano kwenda nyekundu kwenda bluu, na mwanga unakimbia chini yake. Ukiona rangi imelala juu kama rangi ya kucha na mwanga haupiti, mtu aliipika.

Mimi nina 23 kati ya 35. Ya baba haihesabiwi, ipo kwenye kikaratasi chake, inang'aa kijinga. Juu ya sanduku nimebandika maelezo kwa ajili ya wanangu, kwa herufi kubwa, kila sarafu na mwaka wake, niliinunua kiasi gani, na nani wa kumuuliza kabla ya kuuza. Mstari wa kwanza unasema: MSIVUNJE KASHA KUONA NDANI KUNA NINI. Niliuongeza baada ya kumkuta mjukuu wangu wa miaka sita ameshika bisibisi yangu namba mbili.